Bomba au Ndimi: Jinsi Tulivyookoa Vali za Moyo Goma

Tangu nistaafu na kukabidhi ufunguo wa kabati langu pale bloc, chumba cha upasuaji cha hospitali yetu, hakuna wiki inayopita bila daktari kijana kunipigia simu na swali lile lile: "Mama Docteur, bomba au ndimi?" Wengine hawasalimii hata. Nimejibu nikiwa sokoni, nimejibu nikitoka misa, nimejibu unga ukiwa umenijaa mikononi, na sasa nimechoka. Nayaandika hapa mara moja kwa urefu wake, ili siku nyingine mtu akinipigia aniulize habari za wajukuu.

Vyeo na mishahara sitavitaja. Anayetaka hayo amuulize mume wangu, yeye ndiye aliyekuwa akiyafuatilia. Mimi nakumbuka nyuzi, mikasi, sura za wagonjwa, na mtu mmoja mfupi aliyeitwa Profeseri Lukeka, mzaliwa wa upande wa Bukavu kama mimi, ambaye alinifundisha karibu yote ninayoyajua kisha akabishana nami juu ya yale yaliyobaki.

Siku yangu ya kwanza nilifika bloc nikiwa nimepiga pasi koti jeupe mpaka likasimama lenyewe. Nilidhani nitapewa kisu. Profeseri alinipa uzi. Akanisimamisha mbele ya droo ya dawa, akanivalisha glavu zilizolowa mafuta, akaniambia nifunge mafundo kwenye mshikio wa droo mpaka atakaporudi. Akaenda kupasua, akala, akapiga soga na masista, akarudi alasiri. Alikata mafundo yangu yote kwa mkasi mmoja bila kuyatazama sana, akasema, "Unavuta sana, Docteur. Uzi si kamba ya mbuzi. Anza tena."

Ilinichukua muda kujua kwamba Profeseri alikuwa na majina mawili kwa ajili yangu. Akiridhika aliniita "mutoto wangu". Akikasirika aliniita "Docteur", kwa sauti ya kunikumbusha kwamba cheo hicho ninaweza kunyang'anywa. Mwaka ule wa kwanza nilikuwa Docteur asubuhi, mchana na jioni.

Miaka mingi tulipasua vifua tu kama mji wetu ulivyotuletea: risasi, mbavu, usaha wa kifua kikuu. Moyo wenyewe hatukuufungua mpaka ilipokuja timu ya wageni na mashine ya moyo na mapafu, ile inayosukuma na kusafisha damu wakati moyo umesimamishwa. Wageni walipomaliza na kutaka kuondoka, Profeseri alikataa kabisa mashine iondoke nao. Sijui aliwaambia nini. Ninachojua ni kwamba wao walipanda gari, mashine ikabaki, na tukaibatiza jina la Koko, yaani bibi, kwa sababu ilikuwa na umri mkubwa kuliko nusu ya wafanyakazi wa bloc na ilinguruma ikiguswa vibaya.

Mdogo wangu, mwalimu wa shule ya msingi, amesoma ukurasa huu wa kwanza akasema haelewi ndimi ni nini wala bomba ni nini. Basi nisimame kidogo kwa ajili yake, na ninyi madaktari mvumilie.

Damu ikitoka moyoni hupita kwenye mlango wenye majani matatu membamba. Huo mlango ndio vali. Majani hukaa juu ya pete, na juu yake huanza aorta, mshipa mkubwa kuliko yote mwilini. Kuna watu ambao ukuta wa aorta pale kwenye shina lake ni dhaifu tangu kuzaliwa. Hulegea na kuvimba mwaka hadi mwaka. Ukivimba, majani huvutwa mbali mbali, hayakutani tena, na damu inarudi moyoni kila pigo. Na siku moja ukuta unaweza kupasuka, na mtu huyo hafiki hata barabarani.

Dawa ya zamani ni kukata vyote, shina na vali, na kuweka bomba la kitambaa lenye vali ya chuma. Ni kazi nzuri. Chuma hakichakai. Lakini damu hupenda kuganda juu ya chuma, kwa hiyo mgonjwa hunywa dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi mpaka kufa kwake, na kupimwa damu mara kwa mara, maana dawa ikipungua damu inaganda na kwenda kichwani, ikizidi anavuja ndani kwa ndani. Mtu anayekaa karibu na maabara anaishi hivyo vizuri kabisa, na wapo wengi. Hata hivyo inauma kuitupa vali ya mtu, kwa sababu mara nyingi majani yenyewe hayana ugonjwa. Ukuta ndio mgonjwa.

Ndipo zinapokuja njia mbili za kutupa ukuta na kubakiza vali. Ya kwanza ni ndimi. Unachukua bomba la kitambaa, unakata mwisho wake ndimi tatu, na kila ulimi unaushona juu ya jani lake mahali pa ukuta uliotupa. Ni njia ya upesi, na majani yanacheza kwa nafasi kama Mungu alivyoyapanga, kwa sababu vifuko vidogo vilivyo nyuma yake vinabaki. Ubaya wake ni kwamba pete ya chini huigusi. Kama pete ni imara, vema. Kama ni dhaifu, itaendelea kupanuka kimya kimya chini ya kazi yako nzuri. Ninyi wa leo mnaweka mkanda kuizunguka pete hiyo, na mnafanya vizuri, lakini wakati ule sisi hatukuwa tukiuweka.

Ya pili ni bomba. Vali nzima unaitumbukiza ndani ya bomba, unalishona bomba chini kabisa kuizunguka pete, halafu zile kona tatu ambapo majani hukutana unazipandisha na kuzishona ndani ya kitambaa. Hapo pete imefungwa, haiendi popote. Ubaya wake ni urefu wa kazi, moyo umesimama wakati wote huo, na tena kila kitu kinategemea kimo utakachozishonea kona. Ukizishona chini, majani yanalegea na vali inavuja, hata kama mshono wako ungeweza kupigwa picha.

Profeseri Lukeka alikuwa mtu wa ndimi. Alizikata kwa macho bila kupima, na zilitoka sawa zote tatu. Mgonjwa wetu wa kwanza alikuwa karani wa forodha, mtu mnene mwenye pete imara, na ndimi zake zinafanya kazi hadi leo. Namwona mtaani Birere akigombana na wenye motari, zile pikipiki za kubeba watu, na nafurahi kwa sababu anagomba kwa pumzi ndefu. Lakini alikuwapo pia mwalimu mmoja, mwanamke mwembamba, ambaye tulimshona kwa ndimi nzuri kuliko za karani, na baada ya miaka akarudi anahema. Ndimi zilikuwa kama tulivyoziacha. Pete ndiyo iliyofunguka. Ilibidi tumfungue tena na kumwekea chuma. Aliishi, namshukuru Mungu, lakini mimi nilirudi nyumbani na hasira ambayo sikujua nimtupie nani.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa bomba. Nilisoma kila nilichopata, nikaomba kwenda kutazama kazi hiyo nje ya nchi, nikatazama, nikarudi na kumwambia Profeseri kwamba kwa watu warefu wenye viungo vilivyolegea, ambao kuta zao ni dhaifu tangu tumboni, ndimi hazitoshi.

"Bomba yako ni ndefu sana," alinijibu. "Koko haina nguvu ya kungoja ile yote. Utaniulia mutu juu ya kutafuta urembo."

"Muzee, si urembo. Ni pete."

"Fanya kwanza mazoezi, Docteur. Kisha tutaongea."

Basi tukafanya mazoezi, na hapa ndipo Papa Bisimwa anapoingia. Huyu ni muuza nyama wa Birere, mtu wa kelele na aproni ndefu, ambaye tulikuwa tukichukua kwake mioyo ya ng'ombe wa Masisi. Mimi na msaidizi wangu, Docteur Kambale, tuliketi kila Jumamosi asubuhi katika chumba cha nyuma cha hospitali, tukashona bomba baada ya bomba. Mioyo ilikuwa mizuri isipokuwa jambo moja: Papa Bisimwa aliikata fupi. Alipitisha kisu juu tu ya vali, na mshipa wote uliobaki juu alikuwa ameuacha pamoja na mapafu. Nilikwenda mwenyewe kumwomba akate juu zaidi.

"Mama Docteur, ule murija ni ya mapafu," alisema, akinionyesha kwa kisu. "Benye kukamata mapafu banataka na murija yake. Nikikukatia yulu, miye nitasema nini kwa bale bamama?"

"Useme ni ya hospitali."

"Hospitali inakula moyo, bale banakula mapafu. Kila mutu na yake."

Hiyo ndiyo desturi ya pale, na hakuna kitu kigumu kama desturi ya buchani. Tukaendelea na mioyo mifupi. Kona za vali zilikuwa karibu na ukingo wa mkato, hazina ukuta juu yake wa kupandisha, kwa hiyo tulizishona hapo hapo zilipokuwa. Maji tuliyomimina kupima yalivuja kidogo, tukasema ah, ni ng'ombe tu. Tulizidi kuwa wepesi siku hadi siku. Profeseri alikuja mara moja kututazama, akanung'unika, na nilipomsikia akisema "mutoto wangu" nilijua nimeshinda nusu ya vita.

Halafu akaja Neema.

Alikuwa binti mrefu sana kutoka milima ya Masisi, mwenye vidole vyembamba virefu ambavyo daktari akiviona tu hutafuta stetoskopu. Familia yake ilikuwa ya wafugaji kabla ya vita kuwateremsha, na wakati ule alikaa kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya chini ya hema pamoja na mama yake na mtoto wa dada yake. Mjomba wake, mrefu kama yeye, alianguka shambani akishika kifua na hakuinuka tena. Nilimsikiliza. Mahali pa mapigo mawili safi palikuwa na pigo moja na upepo mrefu unaorudi. Picha ilionyesha shina la aorta limevimba kupita kiasi na majani matatu mazuri kabisa, hayana kosa lolote, yananing'inia mbali mbali.

Nilimweleza yote kwa utaratibu. Nilimwambia njia ya chuma ndiyo ya uhakika, nikamweleza kuhusu dawa na vipimo vya damu. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama mikono yake.

"Docteur," alisema, "ile dawa ya kupimisha damu kila mara ni ya mutu mwenye iko na fasi yake. Miye leo niko hapa. Kesho nasikia risasi, nabeba mutoto na sufuria, naenda. Laboratoire itanifuata?"

Mama yake alinitazama mimi badala ya binti yake.

"Iko njia ingine," nilisema mwishowe. "Inabakisha vali yako mwenyewe. Utakunywa tu kidonge ya kutuliza moyo, na siku umeikosa haitakuua. Lakini ni kazi ndefu, na siwezi kukuapia kama itaenda. Kama inakataa, nitaweka ya chuma pale pale."

"Na kama nalala bila kulamuka?"

"Inaweza kuwa."

Alifikiri. Kisha akasema, "Jaribu yangu kwanza. Ya chuma ikuwe ya nyuma."

Nikamwahidi hivyo hivyo, kwa maneno yale yale. Mbele ya mama yake.

Vifaa vilitufikia kwa shida ya kawaida. Bomba lilipitia mpakani, ambapo mtu wa forodha alilitoa kwenye boksi, akalinyoosha lile jeupe lenye mikunjo, akauliza kama ni shingo ya blauzi. Vyuma vya kupimia upana wa pete tuliviazima maternité, wodi ya wazazi, kwa sababu ni vile vile wanavyotumia wakunga, na mkunga mkuu alitufuata mpaka mlangoni akituambia vinarudi leo leo. Vali ya chuma, ile ya nyuma, iliwekwa mezani kwenye boksi lake.

Profeseri alikuwa amestaafu tayari, lakini aliingia na kuvaa glavu. Alisema amekuja kusalimia Koko. Alisimama upande wa pili wa meza, kando ya Kambale, akafuata kila hatua kwa macho tulipofungua kifua, Koko ilipoanza kunguruma na moyo wa Neema kusimama. Ukuta wa aorta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba niliona kivuli cha kibano changu kupitia upande wa pili. Tulikata uvimbe wote. Tukalishusha bomba chini, tukalishona kuizunguka pete. Huko hakuna aliyetusumbua, hata damu.

Zikaja kona. Mbili za kwanza nilizivuta kwa makini sana, kwa sababu Profeseri alikuwa akinitazama juu ya miwani. Ya tatu tuliishona wakati shingo zilikuwa zimeanza kuuma na mwendesha mashine ameanza kutaja muda. Tukamaliza. Kambale akamimina maji ndani ya bomba.

Maji yalipanda, yakasimama kidogo, yakashuka. Tukamimina tena, yakashuka tena. Majani mawili yanayokutana kwenye ile kona ya tatu yalikuwa yamelegea chini ya mwenzao, na maji yalipita katikati yao bila haya.

Mwendesha mashine alitaja muda tena ingawa hakuulizwa. Profeseri alitazama boksi lililokuwa mezani.

"Weka ya chuma, Docteur," alisema.

Docteur. Ahadi yangu ilikuwa inaruhusu. Ilijaribiwa yake kwanza, imekataa, ya nyuma inangoja. Hakuna mtu duniani angenilaumu. Nilinyoosha mkono nusu njia kuelekea lile boksi, na jicho langu likabaki kwenye kona ya tatu. Juu ya mshono wetu kulikuwa na ukuta. Ukuta mzuri, mrefu, uliobaki bure umejikunja ndani ya kitambaa. Tulikuwa tumeshona chini kabisa, kana kwamba juu hakuna kitu.

"Kambale," nilisema, "hii ni moyo ya nani?"

Alinitazama kama mtu aliyeona mwalimu wake anapotewa na akili. "Ya Neema, Mama Docteur."

"Mbona tumeishona sawa ya Papa Bisimwa?"

Nikaona macho yake yanapanuka juu ya barakoa. Jumamosi zote zile, mioyo yote ile iliyokatwa fupi kwa heshima ya wanunuzi wa mapafu, ilikuwa imeifundisha mikono yetu kwamba kona huishia pale. Tulipokuwa makini tulimshona Neema. Tulipochoka, tulimshona ng'ombe.

"Muzee, naomba kona moja tu," nilimwambia Profeseri. "Naikata, naipandisha, napima. Ikivuja tena, naweka chuma na sitabisha tena na wewe mpaka kufa."

Profeseri aliinama mpaka miwani yake ikakaribia kugusa kazi. Alitazama mshono, akatazama ule ukuta uliojikunja. Niliagiza moyo upewe tena maji yake ya baridi ya kuutunza, na wakati yanapita yeye alikuwa bado ameinama. Kisha mtu huyu wa ndimi, aliyebishana nami juu ya bomba kwa miaka, alichukua kibano mkononi mwa Kambale, akaishika ile kona mwenyewe, akaivuta juu, juu, mpaka mahali pake.

"Hapa," alisema. "Shona, mutoto wangu."

Nikashona. Sikuvuta sana.

Kambale akamimina maji. Yalipanda, yakasimama. Tukangoja. Majani matatu yalikuwa yamekutana katikati, sawa kwa sawa, na juu yao maji yametulia hata unaiona taa ya dari ndani yake. Tukangoja zaidi ya ilivyohitajika kwa sababu hakuna aliyetaka kuacha kutazama. Nyuma yangu sista alianza kuimba wimbo wa kanisani chini chini, na Profeseri, ambaye alikuwa akifukuza watu bloc kwa kupiga chafya tu, alimwacha aimbe.

Moyo ulipoanza kupiga tulipitisha kipimo kooni na kutazama kwenye skrini. Damu ilitoka. Haikurudi. Nilitazama mapigo mengi sana, nikingoja hata uzi mdogo wa rangi wa kuonyesha mvujo, na haukuja. Boksi la vali ya chuma lilirudi kabatini bila kufunguliwa, na vyuma vya maternité vilirudi siku ile ile, na mkunga mkuu akavihesabu mbele yangu.

Tulipokuwa tukinawa mikono, Profeseri alisema, "Ndimi zingeisha zamani. Saa hii tungekuwa tunakula."

"Na pete, Muzee?"

Alikausha mikono yake kidole kwa kidole. "Pete njo neno," alisema, yaani pete ndiyo jambo lenyewe. Kwa wale waliomjua, hiyo ilikuwa hotuba nzima ya kushindwa, na niliifurahia kwa wiki kadhaa.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Birere pamoja na Kambale. Nilimweleza Papa Bisimwa mbele ya wateja wake, bila kupunguza neno, jinsi kisu chake kilivyokaribia kuharibu moyo wa binti wa watu. Alisikiliza mdomo wazi. Kisha aliwageukia wanawake waliokuwa wanangoja mapafu na kuwatangazia kwamba kuanzia siku hiyo mrija ni wa hospitali, na asiyetaka atafute bucha ingine. Nao hawakununa. Mmoja aliuliza kama yule binti alikuwa amepona. Tangu hapo anakata juu, na nasikia anawaambia watu kwamba yeye ni wa bloc. Ninyi mnaofanya mazoezi leo kwa mioyo yake mirefu mnadhani ng'ombe wamekuwa hivyo siku zote.

Kwa hiyo jibu la simu zenu ni hili. Pete imara na muda mfupi, kata ndimi bila aibu; mimi mwenyewe nimezikata mpaka mwezi wangu wa mwisho. Mtu mrefu, kijana, ukuta dhaifu, pete inayopanuka, mpe bomba na upandishe kona. Na kabla ya kuamua, muulize anakaa wapi. Hilo vitabu vyangu havikuniambia, aliniambia Neema.

Yeye nilimwona mara chache baadaye, kovu zuri, mapigo safi. Halafu mambo yakaharibika tena, hema za Kanyaruchinya zikaondolewa, na simu ya mama yake haikupatikana. Nilituma watu kuulizia Masisi. Hakuna aliyejua. Niliendelea na kazi, lakini kila nilipofundisha bomba nilijiuliza kama ile kona ya tatu inashika, na nani atajua isiposhika.

Mwezi uliopita nilikwenda mji wa Kiwanja kwenye harusi ya mpwa wangu. Siku ya pili niliingia sokoni kununua viazi vya kurudi navyo Goma, nikaona mwanamke mrefu kuliko wote akiinua gunia zima kumpandishia mtu wa motari. Nilisimama kwanza kukasirika, kwa sababu nilimwambia asibebe mizigo mizito. Kisha nikaelewa ninayemkasirikia ni nani.

"Docteur wangu!" alipiga kelele, na gunia likabaki mikononi mwa yule dereva maskini.

Tulikumbatiana, tukalia, hatukuona aibu. Mama yake yupo, yule mtoto anasoma shule. Nilipomuuliza alivyoishi alicheka.

"Nilikimbia tena, Docteur. Kisha tena. Hii yenye mulifanya, nayo ilikimbia na miye. Haikuniomba kitu."

Nimewakabidhi bloc kila kitu isipokuwa stetoskopu yangu, ambayo hukaa kwenye mkoba pamoja na rozari. Niliitoa pale pale. Akaketi juu ya gunia, akafungua kifungo cha juu cha blauzi, nami nikainama katikati ya viazi na kabichi na honi za motari. Mapigo mawili. Kati yake, mahali pa ule upepo, hapana kitu. Nilihamisha stetoskopu, nikasikiliza tena, na tena, muda mrefu kuliko ulivyohitajika, mpaka watu wakaanza kukusanyika na mama mmoja akauliza kwa wasiwasi kama yule muuza viazi anaumwa.

"Hapana, siumwi," Neema alimjibu, bila kusogea, ili asinisumbue. "Huyu njo alinitengeneza. Munyamaze kidogo, anasikiliza kazi yake."